Helmeti ya Njano Isiyo na Mkwaruzo

Nje bado giza. Ndani ya chumba cha kuokea taa moja inawaka, na joto limeshatanda mpaka kwenye kuta. Mwanamke mwenye aproni nyeupe anafungua mlango wa tanuri, lakini haangalii ndani. Anarudi hatua moja nyuma na kumpisha mwenzake.

Mwenzake ni wifi yake, dada wa mume. Huyo anasogeza uso karibu na joto, anavuta hewa puani, anatulia kidogo kama mtu anayeonja chumvi.

"Bado," anasema.

Mlango unafungwa. Wanasubiri, mmoja ameegemea meza ya unga, mwingine anakunja mataulo. Kisha wifi anainua kichwa ghafla.

"Toa, wifi, toa! Imefika mlangoni."

Trei zinatoka moja baada ya nyingine. Mikate imeumuka vizuri, imepata rangi. Mwokaji anasimama mbele yake na kuiangalia kama mtu anayeangalia picha ya ndugu aliye mbali.

"Inanukia?" anauliza.

"Inanukia mpaka inatia hasira."

Wanacheka wote wawili. Halafu mwokaji anageuka upande wa dirisha na kuanza kupanga mifuko.

Jina lake la mtaani ni Siagi. Hakupewa kwa sababu ya mikate tu. Walimpa wanawake wenzake wa kundi la baiskeli, kwa kuwa kila Jumapili alipowasili pale wanapokutana, harufu ya siagi ilifika kabla yake. Nguo zake, nywele zake, hata mikono yake ndani ya glavu, vyote vilinukia tanuri.

Leo mwenyewe hajui kama bado ananukia hivyo. Ana mwaka na miezi hajasikia harufu ya kitu chochote, tangu siku alipoanguka na baiskeli akiwa amevaa helmeti.

Ndiyo, alikuwa amevaa. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii, na ndiyo maana inaandikwa. Mabinti zetu wameanza kupenda baiskeli, nasi wazazi tukimwona mtoto ana helmeti kichwani tunashusha pumzi na kurudi jikoni. Siagi naye alishusha pumzi.

Alianza kuendesha akiwa na miaka thelathini na minane. Kundi lile lilikuwa likipita mbele ya dirisha lake asubuhi za Jumapili na kusimama kununua mikate ya moto. Kiongozi wao, fundi cherehani mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, wanamwita Kapteni. Siku moja alimwambia Siagi huku anatafuna, "Dada, wewe unatunenepesha halafu unakaa humo ndani unatuangalia. Toka na wewe utokwe jasho."

"Nilidhani ananitania," anasema Siagi. "Usiku ule sikulala. Nilikuwa najiona tu niko juu ya baiskeli."

Alinunua baiskeli iliyotumika kwa fundi mmoja mwenye karakana mitaa miwili kutoka kwake. Siku za mwanzo mumewe, ambaye ni fundi bomba, alikimbia nyuma ameshika kiti huku watoto wa jirani wakipiga makofi. Baada ya wiki chache akawa anakwenda mwenyewe, na baada ya hapo hakukamatika tena.

"Jamani, mimi tangu nimalize darasa la saba sikuwahi kuwa na kitu cha kwangu peke yangu," anasema. "Nyumba ni yetu sote. Tanuri aliniachia mama. Baiskeli ilikuwa yangu. Nikipanda, hakuna aliyeniita."

Kila anayeanza mchezo huu anajua ugonjwa unaofuata. Unaanza kuangalia vitu. Siagi alikuwa akimaliza kuuza anakaa juu ya gunia la unga na simu mkononi, anaangalia wenzake wa mbali walivyovaa. Alianza na miwani, ile inayong'aa kama kioo, kwa sababu ndiyo iliyoonekana vizuri kwenye picha. Ikafuata fulana ya njano ya kundi. Ikafuata chupa ya maji ya rangi hiyohiyo, kengele, na glavu zisizo na vidole.

Fundi baiskeli alimwambia anunue kwanza helmeti na taa ya nyuma, na abadilishe raba za breki. Alizibadilisha raba. Mengine akasema yatakuja.

Suruali ya kubana yenye sponji makalioni ndiyo iliyoleta vicheko vya mwezi mzima. Aliijaribu sebuleni, akazunguka mbele ya kioo.

"Wifi," dada wa mume akamuuliza, "huo mto umeufunga na kamba au umeushona kabisa?"

Mume naye akaongezea kutoka kwenye kochi. "Mwache. Mwenzio amenunua duka zima. Hivi karibuni tutaweka bango mlangoni."

Siagi anaikumbuka siku hiyo kwa kicheko cha kweli. Ilikuwa nyumba yenye furaha. Anasema hakuna aliyemkataza kitu, wala hapakuwa na sababu ya kumkataza.

Helmeti ilikuja mwisho, tena kwa kulazimishwa. Kapteni aliwapa wapya mwezi mmoja, na mwezi ulipoisha akasema asiye nayo asije Jumapili. Basi Jumamosi, baada ya mikate kwisha, Siagi akaenda karakana.

Siku iliyotangulia alikuwa ametoka kusuka. Rasta nene, ndefu, zimekusanywa na kufungwa kisogoni. Kila mwanamke anayesoma hapa anajua kichwa kinavyokuwa siku ya kwanza ya rasta, kizito na kimejaa, mpaka mlango wa gari unauinamia kwa heshima.

Karakana ya fundi ni chumba kimoja kirefu. Minyororo inaning'inia ukutani, matairi yamepangwa mpaka karibu na dari, na helmeti ziko kwenye misumari karibu na mlango. Fundi alimtazama, akatungua nyeusi.

"Hii ndiyo saizi yako, dada."

"Nyeusi? Nani amekufa? Nipe ile ya njano."

"Ile ni kubwa."

"Na mimi leo kichwa changu kikubwa, huoni?"

Wakacheka. Fundi akamvisha ile nyeusi, na kweli haikuingia. Akatungua ya njano. Ikaingia vizuri, ikatua juu ya rasta. Akazungusha kile kijigurudumu cha kukazia kilicho nyuma, akafunga mkanda chini ya kidevu, akamwambia atikise kichwa kama anayekataa, kisha kama anayekubali. Helmeti haikucheza hata kidogo.

"Ilikaa kama imeota pale," anasema fundi leo. Ni mtu wa maneno machache, na anaposimulia hili anaendelea kusugua mnyororo ambao tayari ni msafi. "Nilipima, nikakaza, nikatikisa. Kila kitu nilifanya. Ila nilikuwa napima nywele."

Anaendelea bila kuulizwa.

"Watu wananiambia, wewe mwanaume, ungejuaje mambo ya nywele? Wananionea huruma bure. Nina mke na mabinti wawili. Nyumbani kwangu watu wanafumuana kila mara, mimi nakanyaga nywele sakafuni. Nilijua zile rasta zitatoka. Sikuuliza tu zitatoka lini, na zikitoka arudi."

Zilitoka baada ya wiki chache, kama zinavyotoka zote. Chini yake nywele za Siagi ni fupi, na kichwa chake ni kidogo kuliko unavyodhani ukimwona na kilemba. Jumamosi jioni alijaribu helmeti mbele ya kioo. Akakaza kijigurudumu mpaka mwisho. Bado ilicheza.

"Umevaa sufuria," wifi yake akamwambia.

Alijua la kufanya. Karakana iko mitaa miwili tu, na fundi angembadilishia akampa ile nyeusi bila maneno. Siagi hafichi kilichomzuia. Ile nyeusi hakuitaka. Fulana ya njano, chupa ya njano, baiskeli aliyokwisha kuibandika utepe wa njano kwenye usukani. Na kesho yake, Jumapili, kundi zima lilikuwa lipige picha ya pamoja.

Akajiambia atarudi karakana siku nyingine, akachukua kile kitambaa chake cha satini anacholalia ili nywele zisikatike. Akakikunja, akajifunga kichwani mikunjo miwili, mitatu, kisha akavaa helmeti juu yake. Ikajaa. Haikucheza tena.

"Nikajiona mjanja," anasema. "Nikasema, tazama, helmeti imebana, na nywele zangu hazikatiki. Nilimwita wifi aone."

Wanawake wanaosuka ndio wanaoweza kufanya kosa hili, na huenda wengi wanalifanya sasa hivi bila kujua. Satini inateleza. Tunaivaa usiku kwa sababu hiyohiyo, isikwaruze nywele. Ukiweka helmeti juu ya satini, umeiweka juu ya sahani iliyopakwa mafuta. Imejaa, haipwayi, lakini haijashika kitu.

Akaongeza kosa lingine dogo. Kwa vile kitambaa kiliinua helmeti, mkanda ukaanza kumkaba kidevuni, akaulegeza kidogo.

Kapteni aliliona jambo hilo, ingawa hakulielewa. Anasema Jumapili ya kwanza ya kitambaa alimwambia, "Siagi, mbona kofia imekwenda kisogoni kama ya mtoto aliyechoka shule? Ishushe mbele." Siagi akaishusha. Baada ya kilomita mbili imepanda tena. Wenzake wakacheka, wakasema komwe lake linataka kuona njia.

"Nilicheka na mimi," anasema Kapteni. "Mimi ndiye niliyewalazimisha kununua. Nilihesabu vichwa, nikaona kila kichwa kina helmeti, nikaridhika. Sikushika hata moja kwa mkono wangu."

Jumapili ya ajali hakukuwa na gari, hakukuwa na mlevi, hakukuwa na mtu wa kulaumu. Ni mteremko mfupi wanaoujua. Pembeni mtu alikuwa akijenga, na lori lilikuwa limemwaga mchanga mpaka barabarani. Waliotangulia waliukwepa. Siagi aliuona amechelewa, akashika breki, gurudumu la mbele likazama mchangani, naye akaruka juu ya usukani.

Kapteni alikuwa nyuma yake. Anasema aliona helmeti ikirudi kisogoni kabla Siagi hajafika chini, kama mtu amevuliwa kofia na mkono usioonekana. Mkanda ulikuwa umemnasa shingoni. Paji la uso likapiga ukingo wa barabara likiwa wazi.

Helmeti leo inaning'inia karakana, kwenye msumari wake wa zamani. Ukiigeuza na kuipapasa, mbele na nyuma, haina mkwaruzo hata mmoja. Haikugusa chini.

Alilala hospitali siku tatu. Walimshona juu ya nyusi, wakampiga picha ya kichwa, wakasema mfupa haukuvunjika. Ndugu walikuja na matunda, wakamshukuru Mungu, wakarudi makwao. Kila mtu alisema amenusurika, na yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Siku ya nne alirudi kwenye tanuri.

Hapa inabidi kueleza namna anavyofanya kazi. Katika chumba kile hapajawahi kuwa na saa. Mama yake, aliyemwachia kazi, alimfundisha kwa pua. Mkate ukiingia, kwanza unasikia hamira. Ikiisha hamira inakuja harufu kama ya karanga zinazokaangwa. Hiyo uiache. Halafu inakuja nyingine, tamu zaidi, nayo inatembea. Ukiwa umesimama mbele ya tanuri utaisikia mapema na utadanganyika. Kwa hiyo unakwenda kusimama mlangoni. Harufu ikifika mlangoni, unatoa.

Kwa miaka mingi Siagi aliishi hivyo, mikate mia na arobaini kwa siku, na haikumuungulia.

"Nikaenda kusimama mlangoni," anasema. "Nikasubiri. Nikasema leo unga umekuwa mgumu, unachelewa. Nikasubiri tena. Mume wangu akatoka bafuni anapiga kelele, 'Mama, moshi! Huoni moshi?' Nageuka, chumba kimejaa."

Trei mbili zilikuwa makaa. Alicheka kwanza, akasema ni uchovu wa hospitali. Kisha akafungua kopo la hamira, akatia pua ndani. Akafungua chupa ya siki. Akakimbilia chumbani kwa binti yake, akachukua sare ya shule iliyovaliwa jana, akaizika usoni.

"Hapo ndipo nilipokaa chini," anasema.

Daktari alimweleza kwamba kichwa kilipogonga, vile vijinyuzi vyembamba vinavyotoka puani kwenda kwenye ubongo vilivutika, pengine vilikatika. Vingine huota tena, vingine havioti. Akamwambia mwaka wa kwanza ndio wa matumaini makubwa. Mwaka huo umepita.

Watu hawaelewi. Asiyeona anasaidiwa kuvuka barabara. Asiyenusa anaambiwa ana bahati, hasikii harufu ya mtaro. Jirani mmoja alimwambia hivyo mbele ya wateja, na Siagi akacheka ili asimwaibishe.

Lakini aliyekuwa na mtoto ndani ya nyumba na asijue kama gesi imevuja, huyo hana bahati. Ilitokea. Alifunga jiko la nyumbani vibaya, akakaa kwenye stuli palepale jikoni anachambua maharage. Binti yake, aliye darasa la sita, alifungua mlango akitoka shule.

"Mama, gesi! Mama toka!"

"Gesi gani?"

"Mama, toka nje!"

Mtoto alimvuta kwa mkono mpaka uani, akarudi kufungua madirisha huku ameziba pua na kola. Kiberiti kilikuwa mapajani mwa Siagi. Alikuwa karibu kuwasha.

Mume alitoboa ukuta siku ileile, akauhamishia mtungi wa gesi nje. Siagi anasema alimsikia anagonga ukuta kwa nguvu kuliko ukuta ulivyohitaji.

Tangu hapo wifi ndiye pua ya nyumba. Anaamka naye, ananusa tanuri, ananusa maziwa, ananusa hata nguo kabla hazijarudi kabatini. Wana utani wao. Siagi akimwamsha anamgonga mlango na kumwambia, "Pua yangu, amka, kumekucha." Wifi anamjibu, "Pua yako imelala saa sita, ina mafua, rudi baadaye."

Mikate sasa ni themanini kwa siku. Zaidi ya hapo wifi hawezi kusimama, maana ana kazi yake ya ushonaji mchana kwa Kapteni.

Na mwezi ujao wifi anaolewa, anahamia mji mwingine.

Hilo ndilo linalomkosesha Siagi usingizi sasa. Amenunua saa ya ukutani na kipimajoto cha tanuri. Anajifunza kugonga mkate chini na kusikiliza mlio, ukilia tupu kama ngoma umeiva. Wiki iliyopita alimwomba wifi akae nje, ajaribu peke yake. Katika trei nne, moja ilitoka mbichi katikati na moja ilizidi.

"Umejitahidi," wifi alimwambia.

"Usinipambe. Mteja hali kujitahidi."

Baadaye wifi, akiwa peke yake kwenye ngazi za uani, anakiri kwamba alimwambia mchumba wake wasogeze mbele siku ya harusi. "Akaniuliza mpaka lini. Mimi ndiye niliyeitwa kuangalia kile kitambaa, unajua? Aliniita nione. Nikamwambia umependeza."

Kwenye dirisha la chumba cha kuokea kuna vichupa vinne vyenye vifuniko. Kimoja kina maganda ya ndimu, kimoja karafuu, kimoja kahawa, kimoja mafuta ya mkaratusi. Hospitali walimwelekeza anuse kila kimoja asubuhi na jioni, polepole, huku akiikumbuka harufu yenyewe akilini. Hajaacha hata mara moja. Anafungua, anafumba macho, anavuta. Anasema ya karafuu anaikumbuka vizuri. Ya ndimu inaanza kumpotea, hata kwenye kumbukumbu.

"Ninachokiogopa si kutonusa," anasema. "Ninaogopa siku harufu ikirudi nisiitambue."

Baiskeli yake ipo, imeegemea ukuta wa uani, imefunikwa turubai. Hajaiuza. Kapteni humpitia Jumapili kununua mikate na hamsemeshi habari za kupanda.

Ila Jumamosi mchana Siagi hupeleka kikapu cha mikate karakana kwa fundi baiskeli, na mara nyingi hukaa. Akiingia msichana au mama anayetaka helmeti, fundi humwachia yeye. Siagi haangalii rangi. Anaanza kwa kuuliza.

"Hizi nywele utakaa nazo mpaka lini?"

Wengine hushangaa. Mmoja aliyekuwa amevaa kilemba kirefu alimjibu kwa ukali, "Mama, nimekuja kununua helmeti, sijaja saluni."

"Najua, mwanangu. Na mimi nilikuja kununua helmeti." Akamshusha ile ya njano msumarini. "Tafuta mkwaruzo humo."

Yule dada aliigeuza, akaipapasa. "Sioni."

"Sasa niangalie hapa," Siagi akasema, akasukuma kilemba chake nyuma, kovu likaonekana kutoka kwenye nyusi mpaka kwenye nywele.

Kilemba kilivuliwa palepale.

Anachowaambia hakihitaji shule kubwa. Helmeti ipimwe juu ya kichwa chenyewe, au juu ya nywele utakazokuwa nazo siku zote. Ukifumua, rudi upimwe upya. Ikae vidole viwili juu ya nyusi. Usijaze kitambaa, na kama ni satini, iache kitandani. Mkanda ukikukaba, kofia si yako, usiulegeze. Miwani na glavu na vinginevyo vyote vina siku yake.

Jumamosi hii mnunuzi ni binti yake mwenyewe.

Alikuwa ameahidiwa baiskeli kabla ya ajali, na ahadi ile ilikaa ndani ya nyumba bila mtu kuitaja. Mume hakutaka. Wifi hakutaka. Siagi ndiye aliyesema atimiziwe, na alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba mtoto atapanda tu, kama si baiskeli yao basi ya rafiki yake, na kwa rafiki hakuna atakayemshika kichwa.

Binti amekaa kwenye kreti lililopinduliwa mbele ya karakana. Amesukwa juzi tu, rasta ndogondogo zenye shanga. Macho yake yako kwenye helmeti ya zambarau.

"Ile, mama. Inanitosha, nimeshajaribu."

"Kwanza tufumue."

"Mama! Juzi tu! Nimekaa kwa msusi kutwa nzima!"

"Najua. Nilikuwepo."

"Si nivae hivihivi, halafu nikifumua tutarudi?"

Fundi, aliyekuwa ameinamia gurudumu, ananyoosha mgongo.

"Nami nilijiambia nitarudi," Siagi anamwambia. "Geuka."

Mtoto anageuka huku amevimba mashavu. Shanga zinaanza kudondoka moja moja ndani ya kifuniko cha chupa. Fundi anatoa kiti chake mwenyewe na kumpa mama akae, maana kazi hii itachukua jioni yote. Wifi anapita na kikapu kitupu, anawaona, anaweka kikapu chini na kushika upande wa pili wa kichwa bila kuuliza.

Siagi anasema mpango wake ni huu. Wifi akiondoka, atapunguza mikate mpaka hamsini, aoke kwa saa na kwa masikio, na kila inayoharibika aile mwenyewe mpaka ashike kazi upya. Mwanawe akishajua kukaa vizuri kwenye kiti, naye atatoa turubai. Atanunua ile nyeusi. Watapanda pamoja, yeye nyuma, ili amwone.

"Na pua?" anaulizwa.

Msuko mmoja umefunguka wote, nywele zimesimama, laini, zina mafuta ya nazi na jasho la siku mbili. Siagi anainama kama alivyokuwa akiinama tangu mtoto huyu akiwa mchanga, anaweka pua katikati ya utosi, anafumba macho na kuvuta hewa polepole, kama mbele ya vile vichupa vyake.

Binti ametulia. Wifi ameacha kufumua. Hata fundi amesimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Bado," anasema Siagi, kisha anashika msuko unaofuata.